Majimoto Wangu wa Miguu Minane

Picha bado iko ukutani pale barazani, imebandikwa kwa gundi niliyoinunua mwenyewe, na kila apitaye anahesabu miguu kwa sauti. Moja, mbili, tatu... Wakifika sita wananitupia jicho. Wakiendelea, mimi naingia ndani.

Juzi tu niliwatangazia watu wa baraza kwamba nimegundua chungu mpya wa jamii ya majimoto. Si mpya mtaani, mpya duniani. Nilimpiga picha kwenye mchungwa wa nyuma ya nyumba, kwa simu na kile kilenzi cha kubana, nikaenda kuichapisha steshenari, kubwa kama kalenda.

Nijitetee kidogo. Mtu anayempiga picha mdudu wa milimita saba hapigi picha, anavizia. Kadiri lenzi inavyosogea karibu ndivyo sehemu inayotoka safi inavyozidi kuwa nyembamba, mpaka inabaki unene wa ukucha: jicho likikolea, tumbo ni ukungu, tumbo likikolea, kichwa kimeyeyuka. Pumzi unaibana. Jani likitikisika kidogo tu, mdudu kahamia wilaya nyingine. Nilipiga picha 210. Kati ya hizo, 209 ni za jani.

Na majimoto si mdudu wa kuviziwa. Jina lake halikutoka kitabuni, limetoka kinywani mwa aliyeng'atwa: anauma, halafu anakunja tumbo na kumimina asidi palepale kwenye kidonda, ukadhani umemwagiwa birika. Lakini mtazame akijenga, utamsamehe. Wanajipanga ukingoni mwa jani, wanaling'ata jani la pili na kulivuta. Likiwa mbali, mmoja anamshika mwenzake kiuno, wa tatu anamshika wa pili, mnyororo wa viuno unaning'inia hewani hadi majani yakutane. Hapo wanatoka wengine na mabuu mdomoni. Buu ndiye mwenye uzi, mkubwa hana. Mkubwa kazi yake ni kumgusisha buu jani hili, kisha lile, huku na huku, kama sindano ya cherehani, mpaka nyumba imeshoneka. Hariri ambayo mabuu wa chungu wengi hujifumia kifuko cha kulala, huyu anatozwa yote kwa ajili ya nyumba ya ukoo, na yeye analala uchi.

Elimu hii ndiyo iliyoniponza. Mdudu wangu, nilipomsogelea mara ya mwisho, alijiachia kutoka kwenye jani akaning'inia kwa uzi. Mkubwa! Kwa uzi! Asiyesoma angesema, "Aa, buibui," akaenda zake kunywa chai. Mimi niliyesoma nikasema: huyu ni chungu mzima anayetoa hariri, sayansi haijapata kumwona. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nalipindapinda jina la marehemu babu likae vizuri katika Kilatini.

Baada ya alasiri akapita mzee mmoja mkwezi. Nikampa shikamoo, nikampa na picha. Hakuhesabu mguu hata mmoja.

"Huyu ulimsogelea, mwanangu?"

"Nilimsogelea, mzee. Mara mia mbili."

"Akafanyaje?"

"Alikuwa akizunguka nyuma ya jani."

"Basi si majimoto. Majimoto ukimsogelea, anakuja."

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, akaongeza: "Buibui huyo. Anakaa nao mti mmoja, kajifanya wao. Hiyo miwili ya mbele anaipunga tu, usidhani ni pembe."

Nikaitazama upya. Kiwiliwili kimebinywa katikati ili kionekane kichwa na kifua, na mbele kabisa macho mawili, makubwa kama taa za daladala, yakinitazama mimi.

Hasira ilinijia baadaye, wala haikuwa ya buibui. Mzee yule ameng'atwa minazini tangu ujana wake. Anajua kwamba mnazi wenye majimoto haupukutishi vidaka, kwa kuwa wanamfukuza kunguni anayevifyonza. Kunguni huyo vitabuni anaitwa Pseudotheraptus wayi, na huyo wayi ni Way, Mwingereza aliyewachunguza majimoto hapa Unguja miaka ya 1950. Sina ugomvi naye, kazi aliifanya. Ila mkwezi, ambaye ngozi yake ndiyo maabara, hakuachiwa hata silabi ya mwisho. Akitaka kumsoma mdudu anayemng'ata, kwanza akasome Kiingereza.

Nilimuuliza mzee, yule buibui wanamwitaje.

"Hatukumpa jina," akasema. "Haumi."

Wiki moja kabla ya hapo nilipiga picha 40 za yule kiwavi wa mdimu anayejifanya kinyesi cha ndege. Kilikuwa kinyesi. Na kile kilenzi cha kubana, tangu jana kiko kisimani.

Leo alfajiri nimerudi mchungwani, macho matupu, kumtafuta buibui wangu nimuombe radhi. Nikamwona juu ya jani, peke yake, ametulia, miguu miwili ya mbele inapepea. Nikamsogelea mpaka pua ikakaribia kugusa jani, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu.

Akaja.