Wakuu wa City Hall, Tuandikisheni Kama Magari

Kwa Wakuu wetu wa City Hall, pamoja na nyote mnaochora barabara za Nairobi,

Tunaandika sisi waenda miguu, tukiwa ukingoni mwa mtaro ambao kifuniko chake kiliuzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Hatutawachosha kwa kueleza hali yetu, kwa kuwa mnaijua. Tafiti za usafiri zimerudia kwa miaka mingi kwamba takriban safari 4 kati ya kila 10 jijini hufanywa kwa miguu, na mwaka 2015 jiji lenyewe lilitoa sera inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iwaendee watembeao na waendeshao baiskeli. Ni sera nzuri sana. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haiwezi kukanyagika.

Wala hatusemi kwamba serikali ni kiziwi. Novemba 2020, ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway ulipofika Westlands ulikuta mugumo mmoja kando ya Waiyaki Way, mti wa miaka mia na ushei. Watu wakapiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri, mti ukanusurika. Tulishangilia kwa dhati, maana kivuli kile ni chetu pia. Lakini tulijifunza jambo. Kumbe mradi wa kilomita 27 unaweza kurekebishwa kwa ajili ya kiumbe kisichokwenda popote! Sisi tunaokwenda kila siku tuliambiwa tupande ngazi.

Kwa hivyo, baada ya kutafakari, tunaomba kwa unyenyekevu tuandikishwe kama magari. Hoja yetu ni rahisi: jiji hili halijawahi kulinyima gari nafasi. Gari likikosa barabara hujengewa nyingine, na likibanwa huwekewa ya pili juu ya ile ya kwanza. Likikosa pa kuegesha, hupanda njia yetu na hakuna anayelifokea. Tupeni basi nambari za usajili, zianze na K kama desturi, nasi tutazishona mgongoni. Tutakwenda kukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi apime magoti, asikilize kifua, atazame kama soli zina kashata za kutosha. Tutavaa taa nyekundu kisogoni. Tukitaka kukunja kona tutapepesa jicho la upande husika, na wenye makengeza watapewa muda wa kujirekebisha. Vidhibiti mwendo tumekwisha kuwa navyo, kwani tumbo tupu halikimbii. Tutabeba jozi moja ya viatu vya akiba, bima tutakata, na mtu akisimama Tom Mboya Street kununua karanga atalipa ada ya maegesho bila ubishi, hata akifungwa mnyororo mguuni kwa kuchelewa. Tukishatimiza hayo yote, mtakosa sababu ya kutunyima barabara.

Tunajua mtajibu kwamba kuna madaraja ya juu, na kwamba sisi ni wakaidi tunaokatiza chini yake. Hapa tuelewane. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, watu waliendelea kuivuka mbio, na jawabu likawa kuwatia mbaroni. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu achague kukimbia mbele ya lori. Angeuliza, angeambiwa kwamba daraja liko mbali, kwamba ngazi hazimjali mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, na kwamba usiku pale juu hujui unayekutana naye. Zaidi ya theluthi moja ya wanaouawa katika barabara za Kenya ni waenda miguu. Watu hawa walikuwa wakienda kazini, shuleni, kununua unga. Mliwajengea njia ya kufia, kisha mkawaita wakaidi, na kwenye mazishi yao mkaleta msafara wa magari yaliyowarushia matope waombolezaji. Mtatuwia radhi, wakuu. Ni jua tu.

Mtasema pia kwamba mmetengeneza njia za miguu za Wabera Street na Kenyatta Avenue. Kweli, na zimependeza; hata bodaboda wamezipenda. Ila kibarua anayetoka Mukuru alfajiri kwenda Industrial Area hapiti Wabera Street. Na wale wanaosema jiji linajengwa na wenye magari wajiulize ni nani hufungua viwanda, hufagia ofisi na kuchemsha chai kabla hao wenye magari hawajafika. Jiji ambalo anayelifanyia kazi hawezi kulivuka salama si jiji zuri, hata mapicha yake ya usiku yakisambazwa dunia nzima.

Maombi mengine ni madogo. Taa zinazowaka. Vifuniko vya mitaro vya zege, visivyouzika. Vivukio ambavyo rangi yake itaonekana na dereva, pamoja na dereva atakayeiona. Askari wa jiji, yaani kanjo, wanaotufukuza barabarani wawafukuze pia waegeshaji wanaotusukumia huko.

Jibu lenu msilitume kwa barua pepe. Lileteni wenyewe, kwa miguu, kutoka City Hall hadi Mukuru kwa Njenga, saa moja ya jioni, mvua ikinyesha.

Wenu,
Waenda miguu wa Nairobi