Barua ya Wazi kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani

Kwa Waheshimiwa Makamishna, Washington.

YAH: PONGEZI KWA KULINDA USINGIZI WA WAKURUGENZI

Tume inastahili pongezi kwa jinsi inavyoitunza Kanuni ya 14a-8, ambayo tangu miaka ya 1940 imemruhusu mwanahisa, yaani mtu anayemiliki sehemu ya kampuni hata kama ni ndogo, kuingiza pendekezo lake katika waraka wanaopelekewa wanahisa wote kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Pendekezo lisizidi maneno 500, na hata likipita kwa kura nyingi, kwa kawaida haliifungi bodi, kwani ni ombi tu. Lakini Tume iling'amua mapema kwamba ombi nalo laweza kumkosesha mkurugenzi usingizi, ndiyo maana mwaka 1951 pendekezo la kukomesha ubaguzi wa viti katika mabasi ya Greyhound liliachwa nje kwa baraka zake.

Hatari ya maombi ilidhihirika zaidi mwaka 1985, pale mwanahisa wa Iroquois Brands alipotaka iundwe kamati ya kuchunguza iwapo bata bukini wa Ufaransa, wanaoshindiliwa chakula kooni ili maini yao yanenepe, wanateswa kupita kiasi. Kampuni hiyo, iliyoingiza dola milioni 141 kwa mwaka, iliuza vyakula vya maini hayo kwa dola 79,000 tu, tena kwa hasara, ikaliacha nje pendekezo hilo, na iliposhtakiwa ikajitetea kwamba jambo dogo hivyo haliigusi biashara yake. Jaji akaona kwamba uzito wa jambo haupimwi kwa fedha peke yake. Ni dhahiri kwamba kampuni iliona afadhali kushtakiwa kuliko kumuuliza muuzaji wake bata hao hulishwaje.

Tume ilijirekebisha. Mwaka 2020 iliamua kwamba mwenye hisa za dola 2,000, ambaye zamani alitakiwa kuzishikilia mwaka mmoja, angoje miaka 3, ilhali mwenye dola 25,000 angoje mwaka mmoja tu, kwa kuwa dhamiri, inavyoelekea, hukomaa haraka zaidi penye fedha.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika tangazo la Novemba 2025. Awali kampuni iliyotaka kuliacha nje pendekezo iliwaeleza maofisa wa Tume sababu zake, nao wakazipima. Kwa msimu wa mikutano wa 2025-2026, katika maombi mengi ya aina hiyo, kampuni ikitamka yenyewe kwamba ina sababu za msingi, maofisa hujibu kwamba hawana pingamizi, bila kuzipima. Wahenga walilalamikia kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Tume imeondoa hata usumbufu huo, kwani ngedere hujiandikia hukumu na nyani hugonga muhuri.

Barua hii imezingatia kikomo cha maneno 500 na haimfungi mtu yeyote, hivyo Tume yaweza kuiacha nje bila kutaja sababu.

Wenu watiifu,
Wenye hisa chache