Makala ya Kisayansi, Sehemu kwa Sehemu

Sisi Wapemba hatuhitaji semina ya kuandika makala ya kisayansi. Tumo ndani yake. Utangulizi: kisiwa maskini, minyoo tele. Mbinu: tunapewa namba badala ya majina. Matokeo: damu yetu na choo chetu, vimepangwa kwenye majedwali. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilionyesha kuwa vidonge vya madini ya chuma viliwadhuru watoto wa Pemba, kwa kuwa malaria ilikuwa imekithiri. Wakubwa wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva wakarekebisha ushauri wao. Hitimisho halibadiliki: utafiti zaidi unahitajika. Na kijana wa Micheweni aliyekusanya vikopo vya choo nyumba kwa nyumba? Yumo kwenye shukrani, chini ya mfadhili: “wote waliosaidia.”