Mlinzi wa Nguo

Kila familia inayokwenda ufukweni ina mtu wake mmoja asiyeingia majini. Hana kidonda, hana mafua, wala hakukatazwa na daktari. Ni yule anayewahi kutandika mkeka, akakaa katikati, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejitolea kwa ajili ya wengine: "Nyie nendeni tu, mimi nitalinda nguo." Kwetu mtu huyo ni mimi. Nimelinda nguo Raskazone, nimelinda nguo Coco Beach, nimelinda nguo Bagamoyo. Simu za ukoo mzima zimepita mapajani mwangu na haijapotea hata kandambili.

Tatizo ni kwamba nimezaliwa Tanga. Watu wa bara wakisikia umetoka Tanga, wanakuhesabu moja kwa moja kuwa mvuvi uliyeacha kazi. Sikuwahi kuwasahihisha. Pale ofisini kuna mwenzetu wa Dodoma ambaye kila akitaka kwenda Zanzibar huja kwanza mezani kwangu kuuliza bahari ikoje, nami hutazama dirishani, nikakunja uso kidogo, nikamwambia asubiri mpaka kesho.

Basi Idi Pili moja tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni, sisi, mashemeji, watoto wasio na idadi, na safari hiyo mama mkwe alikuwemo. Alikuja kutoka Singida kula sikukuu kwa binti yake. Idi hufuata mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama bahari huwa kwenye bamvua, kwa hiyo alasiri ile maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na minazi. Nikatandika mkeka wangu. Kabla sijakaa, mama mkwe akatangulia, akakunja miguu, akajifunika kanga, akavuta mkoba wa kwanza kuuweka karibu.

"Nendeni, baba," akasema. "Mimi nitakaa na vitu."

Nikabaki nimesimama. Nikikaa, nitakaa na mama mkwe, wawili peke yetu, mkeka mmoja, alasiri nzima. Nikae upande gani? Ninyooshe miguu au nikunje? Mazungumzo yetu ya miaka yote ni shikamoo, marahaba, na hali ya mvua Singida, na mvua ya Singida haina maneno mengi. Juu ya hayo nilikuwa na kaptula. Nikamtazama mama mkwe, nikaitazama Bahari ya Hindi. Bahari ikaonekana ndogo.

Nikaingia.

Kuna mhamasishaji mmoja aliwahi kuletwa kazini kwetu. Alitufumbisha macho, akatuambia kila mtu autafute ujasiri uliojificha ndani ya nafsi yake. Nilitafuta kwa moyo mmoja. Nilichokikuta ni njaa, maana ilikuwa inakaribia saa saba. Mimi naona jamaa hawa wanatutuma tukatafute kitu mahali ambapo hakipo. Watu ninaowajua waliothubutu jambo lolote la maana, wengi wao walithubutu baada ya mtu mwingine kukalia kiti chao. Jirani yangu alilizungumzia duka lake la vipuri miaka na miaka. Alilifungua mwezi aliopunguzwa kazi. Dada yangu alijifunza kuendesha gari wiki ile ile ambayo dereva aliyekuwa akipeleka watoto shule aliaga na kurudi kwao.

Hata Eric Moussambani. Huyu alitoka Guinea ya Ikweta kwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, kuogelea mita 100 mtindo huru. Kuogelea kwenyewe alikuwa amejifunza miezi michache tu kabla, kwenye bwawa la hoteli, na bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona mpaka alipofika huko. Kwenye mchujo wake walipangwa watatu. Wenzake wawili wakaruka kabla ya ishara, wakatolewa, akabaki peke yake mbele ya uwanja mzima. Alikwenda vizuri, akageuka, na wakati wa kurudi mikono ikaanza kumwishia. Lakini uko katikati ya bwawa, huku ni maji na huku ni maji, utafanya nini? Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Bingwa wa fainali, Pieter van den Hoogenband, alitumia sekunde 48.30. Wengine husimulia habari hii kwa kicheko. Mimi ninaposikia kwamba watazamaji walimshangilia mpaka akagusa ukuta, nawaza tu kwamba pale hapakuwa na mkeka.

Kigamboni hakuna aliyenishangilia. Maji yalifika kiunoni, likaja wimbi ambalo watoto waliliruka huku wakicheka, mimi likaniangusha, na nikanywa bahari ya kutosha. Mpwa wangu wa darasa la nne ndiye aliyenishika mkono na kunirudisha mpaka maji ya magoti. "Anko!" akapaza sauti, na mashua za mbali zikasikia. "Kumbe hujui kuogelea!" Mama mkwe akainuka kwenye mkeka kuuliza kama baba mzima. Siri niliyoitunza tangu Tanga iliisha hapo, na kabla ya magharibi mke wangu alikuwa ameshampata mwalimu, wakakubaliana bei, akamlipa nusu. Mimi sikuulizwa.

Mwalimu ni kijana wa pale pale, mtoto wa mvuvi, maneno yake machache. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kusoma. Nikamweleza, nimesimama, maji kifuani, kwamba kila kilo ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, ndiyo maana yanambeba mtu kuliko maji ya bwawa, na kwamba mapafu yakijaa hewa miili ya watu wengi huelea yenyewe. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa, mzee wangu. Sasa lala."

Kulala chali juu ya kitu kisicho na sakafu ni jambo ambalo shingo yangu ililikataa kabisa. Kila alipoondoa kiganja chake mgongoni mwangu, nilikunjika katikati, makalio yakatangulia chini.

"Mzee, unabana. Legea."

"Nimelegea."

"Umeshika sikio langu, mzee."

Jumamosi iliyofuata nilifika saa nne kamili asubuhi, taulo begani, na bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga, mwani, akina mama wanaookota kome, na mbali kabisa mstari mwembamba wa buluu. Nikampigia kijana simu. "Mzee, leo mbalamwezi," akanijibu kwa upole. "Bamvua. Saa nne maji yamekupwa, yanarudi alasiri. Wiki ijayo maji mafu, hiyo saa nne utayakuta." Haya ni mambo ambayo mtoto yeyote wa pwani huyajua kabla ya kuota meno ya pili. Yule mwenzetu wa Dodoma hajaambiwa.

Nilisubiri alasiri. Siku hiyo nilivaa miwani ya kuogelea niliyoinunua Kariakoo. Ilikuwa ya mtoto, lakini muuzaji aliapa kwamba mpira wake unavutika. Ulivutika. Ilivuja pia, na nilipoivua iliacha duara mbili zilizodidimia kuzunguka macho, macho yenyewe mekundu kwa chumvi. Kutoka pale nikavuka pantoni moja kwa moja hadi kwenye kikao cha harusi, ambako nilikuwa na deni la ahadi. Nilipoingia kikao kikanyamaza. Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Kaka, nyumbani kwema?"

"Kwema kabisa."

Akanishika bega. "Basi ile ahadi yako tuisogeze mwezi ujao. Usijali." Mweka hazina akanifungulia soda ya pili bila kuombwa. Sikuona sababu ya kueleza habari za Kigamboni.

Siku hizi naelea. Sisemi naogelea, naelea, nikipiga miguu nasogea, ingawa si lazima iwe upande ninaoutaka. Mwalimu anaona inatosha. Ameniambia Jumamosi hii tutatoka na ngalawa ya baba yake, anishushe mahali ambapo mguu haufiki chini. Nikamwambia bahati mbaya, Jumamosi nina kikao cha harusi. Akasema kikao ameshauliza kwa mama watoto, ni saa kumi na mbili jioni. Maji yanajaa saa tisa, na ile nusu nyingine ameshalipwa.