Heko kwa Fomu ya Mkopo

Katika vyote vinavyobebwa, kuuzwa na kupotea katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, Kigali, hakuna kilichodhulumiwa sifa zake kuliko fomu ya kumwombea mtoto mkopo wa chuo. Mabasi ya Musanze na Rusizi yana wapenzi wao. Fomu, ambayo imesafirisha wazazi wengi bila kuwa na tairi hata moja, hulaaniwa tu. Nakusudia kuirudishia haki yake. Sifa zake ndogondogo nazipitia mbio: inamlisha mpiga fotokopi, inamlisha mpiga picha za pasipoti, inamlisha wakala wa Irembo, tovuti ya huduma za serikali, anayebofya kwa niaba ya wasiojua kubofya, na inajaza viti vya mabasi, kwa kuwa mzazi aliyepanga Kimisagara huku karatasi zake ziko Nyamagabe hana budi kuzifuata ziliko. Imetunyoosha hata mwandiko, maana kisanduku ni kidogo na majina ya Kinyarwanda ni marefu.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba imeupa umaskini hadhi ya kiofisi. Zamani umaskini ulikuwa jambo la ovyo. Mtu alilala njaa bila utaratibu wowote, na asubuhi hakuna aliyemdai uthibitisho. Rwanda ililipanga jambo hilo kwa ustadi. Katika mpango wa Ubudehe majirani waliketi wakaiweka kila kaya kwenye kundi lake, na mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ukautunuku mpango huo tuzo ya utumishi wa umma. Mwaka 2015 makundi sita yakawa manne: la kwanza la asiye na nyumba wala uwezo wa mahitaji ya lazima, la pili la mwenye nyumba, au awezaye kupanga, ila hapati kazi ya kudumu, la tatu la mwenye kazi na mkulima mwenye ziada ya kuuza, la nne la wenye biashara kubwa na wakubwa wenzao. Kwa miaka kadhaa kundi la kaya lilitazamwa pia katika kugawa mikopo ya wanafunzi. Mfikirie basi mama wa miaka hiyo anayetembeza parachichi kando ya kituo cha mabasi. Anaweza kupanga chumba, kazi ya kudumu hana: ni wa pili. Biashara ikichangamka, akaongeza karai moja, jirani mwenye macho atamwona ni wa tatu, na karai hilo litakuwa limekula shahada ya binti yake. Ni elimu gani ya uchumi imewahi kumfundisha mtu kuiogopa faida kwa dhati namna hii? Fomu inadai umaskini wa vipimo. Ukipungua, hustahili. Ukizidi, huna nauli ya kwenda kuuthibitisha, wala pesa ya fotokopi, na unabaki maskini wa kienyeji asiye na muhuri. Anayestahili kweli ni yule wa katikati kabisa, fukara kwa mapato ila mwenye akiba ya kugharimia ushahidi wa ufukara wake. Mtu wa namna hiyo ni adimu, na fomu inapaswa kupongezwa kwa kumsaka bila kuchoka.

Ndugu zetu wa Tanzania wameiongezea fomu uwezo juu ya maisha na mauti. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, humtaka yatima aambatishe cheti cha kifo cha mzazi, na cheti hicho, kilichotolewa na wakala wa usajili RITA, kirudi RITA kuhakikiwa, kwa ada, kwamba kweli kimetoka RITA. Hapo ulimi wangu wa sifa unakauka. Ofisi ya serikali inamtoza yatima ili iiambie ofisi nyingine ya serikali kwamba haikusema uongo! Mtoto huyo alikosa nini hasa, zaidi ya kufiwa?

Nitaambiwa kwamba fedha hazitoshi, na bila uchambuzi watoto wa wenye magari watazichota zote. Hoja hii nzito naikubali: lazima pawe na kuchuja. Ninachobisha ni nani abebe ungo. Namba yangu ya kitambulisho serikali inayo. Hati ya ardhi imeitoa yenyewe, kodi inaipokea yenyewe, na mchango wa bima ya afya ya mituelle unaingia kwenye vitabu vyake. Mwenye magari hazuiwi na fomu. Ana kompyuta nyumbani na mtu wa kumtuma kwa gitifu, yaani katibu mtendaji. Anayezuiwa ni muuza parachichi anayepoteza siku ya biashara ili aipelekee ofisi habari ambazo ofisi ya jirani inazo. Rwanda yenyewe ilitangaza mwaka 2020 kwamba makundi ya Ubudehe hayatakuwa tena kigezo cha kupata huduma. Kenya ilikuja na fomu nyingine ya kupima uwezo wa familia mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kuwa mfumo mzima wa ufadhili unakiuka katiba; serikali ikakata rufaa. Vipimo vinabadilika, wa kuthibitisha ni yuleyule.

Nadhani fomu inapendwa ofisini kwa sababu inamwondolea afisa mzigo wa kuamua. Mikopo ikitoka, hutoka kwa jina la mtu: kuna jukwaa, hotuba, na picha. Mtoto akinyimwa, hakuna aliyemnyima. Mfumo umekataa. Kisanduku hakikujazwa. Mama akiuliza ni nani alilitazama jina la binti yake, anaelekezwa dirisha jingine, na huko mfumo uko chini. Rufaa haikukatazwa, ina fomu yake, na inataka viambatisho vilevile.