Naomba Kuvushwa kama Mzigo: Barua ya Wazi kwa Umoja wa Afrika

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamisheni ya Umoja wa Afrika,
Addis Ababa.

YAH: OMBI LA KUAZIMA PASIPOTI MOJA YA AFRIKA AU, IKISHINDIKANA, KUSAJILIWA KAMA BIDHAA

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili bila wasiwasi, maana Februari 2022 wakuu wetu waliketi hapo kwenu wakakipitisha kuwa lugha rasmi ya kazi ya Umoja. Tumetoka mbali. Mwaka 2004 Joaquim Chissano alipohutubia mkutano wenu kwa Kiswahili, wajumbe walibaki wakipapasa visikizio kwa kuwa hapakuwa na mkalimani. Naamini leo yupo walau karani mmoja wa kuipokea barua hii, kuigonga muhuri na kuiweka kwenye faili linalostahili.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mwenye kibubu na hamu ya kutembea. Kijiweni kwetu safari ndiyo mazungumzo, hasa timu zikifungwa na watu wakakosa la kusema. Yupo fundi friji aliyefika Lubumbashi ndani ya lori la saruji, akila na kulala na dereva. Yupo mama wa duka la jirani anayefuata mikoba Guangzhou na kurudi akilalamikia miguu. Yupo kijana aliyekwenda Johannesburg kwa basi, akarudi na jinzi mbili na lafudhi mpya. Hao ndio walionifundisha kusafiri kwa bei chee: panda basi la usiku ili usilipe gesti, beba chapati na mayai ya kuchemsha ya kutosha siku ya kwanza, mpakani badilisha hela ya kula tu, nyingine ibadilishie mjini, na usiulize bei kwa Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kinaeleweka. Kiswahili kinaeleweka mbali kuliko watu wanavyodhani.

Kwa mafunzo hayo nimeshatembea kidogo kusini na kaskazini mwetu, na kwa kweli sina deni na mtu. Ila kuna alfajiri moja kwenye mpaka mmoja wa kusini ambayo ningependa uijue. Abiria tulishuka kwenye basi tukapanga mstari mbele ya meza ya plastiki, na nyuma ya meza alikaa bwana wa afya mwenye kipimajoto na chai ya rangi. Akachukua kadi yangu ya njano, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga wa simu.

"Hii imeshaisha. Miaka kumi imepita."

Nikamweleza kwa adabu kwamba Shirika la Afya Duniani lilibadilisha utaratibu tangu tarehe 11 Julai 2016. Chanjo ya homa ya manjano siku hizi ni ya maisha, na kadi haiishi hata kama imeandikwa kuisha.

"Hayo ni ya Geneva," akasema. "Hapa ni mpakani."

Nyuma yangu alikuwapo binti wa Kizungu mwenye begi kubwa mgongoni na ndala miguuni. Kadi yake haikugeuzwa. Aliambiwa "karibu sana" na kuelekezwa choo kilipo. Mimi nilielekezwa kando, kwenye mazungumzo ya pembeni ambayo msafiri yeyote wa bara hili anajua yanaishia wapi.

Sikukata tamaa. Nikaanza kuweka akiba ya safari kubwa zaidi: nchi moja ya magharibi mwa bara, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina nia ya kwenda. Nilitaka kuona Atlantiki, bahari ambayo jua huzamia, maana hii yetu jua huchomozea. Sina jambo lingine huko.

Nikaanza na tiketi. Kompyuta ya wakala ilifikiri, ikafikiri tena, ikanipendekezea nipite Istanbul. Mheshimiwa, nilifungua ramani nikaitazama. Kutoka pwani moja ya Afrika kwenda pwani nyingine ya Afrika natakiwa nitoke kwanza nje ya Afrika, nikanywe chai ya Waturuki, ndipo nirudi nyumbani kwa mlango wa upande wa pili. Na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya bei nafuu! Najua mlishalishughulikia. Uamuzi wa Yamoussoukro wa kufungua anga la Afrika ulipitishwa mwaka 1999, na Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga mkalizindua Januari 2018. Anga liko wazi kabisa, na kunguru wa Dar es Salaam ni mashahidi.

Kisha viza. Nchi hiyo haina ubalozi Dar es Salaam. Ubalozi unaotuhudumia uko huko huko Addis Ababa, pengine ni jirani zako. Kwa hiyo kabla ya safari kuna safari ya kwenda kuiombea ruhusa. Nikapiga simu kuuliza masharti. Barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji, iliyogongwa muhuri na serikali ya kwao, sina mwenyeji. Basi hoteli, iliyolipiwa yote, kabla ya kujua kama nitaruhusiwa kuingia nchini. Taarifa ya benki ya miezi sita, nami fedha zangu nusu ziko kwenye simu na nusu kwenye kibubu, na kibubu hakitoi taarifa, hutoa mlio tu. Hatimaye afisa aliyepokea simu, ambaye namshukuru kwa uvumilivu, akaniuliza nakwenda kufanya nini.

"Kutembea."

"Kutembea vipi?"

"Kutembea tu. Kuona."

"Una ndugu huku?"

"Hapana."

"Biashara?"

"Hapana. Kuona bahari."

Kimya. Nilisikia kalamu ikigongagonga meza. "Sasa Dar es Salaam hakuna bahari?"

Simlaumu. Kwenye fomu yake mna kisanduku cha mwanadiplomasia, cha mfanyabiashara, cha mgonjwa na cha mwanafunzi. Kisanduku cha mtalii nacho kimo, ila mtalii anayefikiriwa hapo ana ndala na begi mgongoni, na hakuzaliwa Temeke. Mwafrika akivuka mpaka lazima awe anakimbia kitu au anatafuta kitu. Kwamba anaweza kuwa ameudunduliza mshahara ili akashangae mji wa watu, ale chakula asichokijua, apige picha mbaya na kurudi kuwachosha wenzake kijiweni, hilo halijapata muhuri.

Ndipo nikakumbuka ile pasipoti yenu.

Julai 2016, mkutanoni Kigali, mwezi uleule ambao kadi yangu ya njano ilipewa uzima wa milele, mlizindua Pasipoti ya Afrika. Nakala za kwanza zilikabidhiwa Rais Paul Kagame, aliyekuwa mwenyeji, na Rais Idriss Déby wa Chad, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja. Tuliona picha tukapiga makofi. Ilisemwa nasi raia tungefikiwa kabla ya mwongo ule kwisha. Nilikaa karibu na simu.

Kwa mtu asiyejua itifaki, mgawo ule ulishangaza kidogo. Rais wa nchi ndiye msafiri pekee barani ambaye hajawahi kuulizwa atafikia wapi na ataondoka lini. Akishuka kwenye ndege anakuta zulia, gwaride na watoto wenye maua. Kumpa huyo pasipoti ya kupita bila kusumbuliwa ni kumgawia samaki mwavuli. Lakini nani ajuaye. Huenda mlianza na wasiohitaji ili kufanya majaribio.

Ombi langu la kwanza, basi, ni kuazima moja kati ya hizo mbili. Ya Rais Kagame siigusi. Nchi yake imeshawafungulia Waafrika wote, kwa hiyo kazi yake ameifanya. Lakini Marehemu Déby alitutoka Aprili 2021, Mungu amrehemu, na naamini pasipoti yake iko kwenye droo fulani N'Djamena, kurasa zote nyeupe. Nitaichukua kwa mwezi mmoja tu, na nitaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Picha haitafanana nami, lakini hata pasipoti yangu mwenyewe haifanani nami.

Naharakisha kwa sababu nimepiga hesabu. Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikishirikiana na ofisi yako, hutoa faharasa ya uwazi wa viza barani. Mwaka 2016 Mwafrika aliweza kwenda nchi nyingine ya Afrika bila viza katika asilimia 20 ya safari zote zinazowezekana. Mwaka 2024 ikawa asilimia 28. Ni asilimia moja kwa mwaka, mwendo wa heshima, usio na papara. Zimebaki 72. Tukiendelea hivyo mlango wa mwisho utafunguliwa mwaka 2096, yaani tutakuwa tumeichelewa Ajenda 2063 kwa miaka 33 tu. Nitakuwa sipo, lakini nitawaachia wajukuu kibubu.

Si kwamba tumesahauliwa peke yetu sisi wa kibubu. Mei 2024, Kigali tena, Aliko Dangote alisema jukwaani kwamba pasipoti yake inamlazimu kuwa na viza 35 ili kuzunguka barani, akamwambia mkuu wa TotalEnergies, Mfaransa aliyekuwa naye hapo, kwamba Mfaransa huyo ndiye mwenye uhuru zaidi wa kutembea Afrika. Tajiri kuliko sisi sote! Tulipolisikia hilo kijiweni tulihuzunika, kisha tukafarijika, kisha tukahuzunika tena.

Na hapa ndipo lilipo ombi langu la pili, ambalo nadhani lina nafasi kubwa zaidi.

Mwaka 2018 mlituletea mapacha. Januari 29, Addis Ababa, mliipitisha Itifaki ya watu kutembea, kuishi na kufanya kazi popote barani. Machi 21, Kigali, mkatia saini Mkataba wa Eneo Huru la Biashara, ili bidhaa zivuke mipaka. Pacha wa bidhaa alihitaji nchi 22 kumridhia. Akazipata, na tarehe 30 Mei 2019 akaanza kutembea. Pacha wa watu alihitaji 15. Hadi mwaka 2024, miaka sita baadaye, walioridhia walikuwa Rwanda, Mali, Niger na São Tomé na Príncipe. Nchi yangu haikuwamo, kwa hiyo sinyooshei mtu kidole. Tunatafakari, na sisi Watanzania hutafakari vizuri tukiwa tumekaa.

Hitimisho langu ni kwamba Afrika inaipenda bidhaa kuliko mwenye bidhaa. Najua malori nayo hulala mpakani siku kadhaa. Nimeiona ile foleni, madereva wakipika ugali chini ya tela. Lakini hakuna afisa aliyewahi kuuliza magunia ya mchele kama yana ndugu huko yaendako, au kama yana nia ya kurudi.

Naomba kusajiliwa. Nimepitia jedwali la forodha ili nisiwapotezee muda. Sura ya 1 ni wanyama hai. Inakaribia, ila wanahitaji cheti cha daktari wa mifugo na nimeona nisianze kudhalilika mapema. Sura ya 97 ni kazi za sanaa na vitu vya kale, na cha kale lazima kivuke miaka 100. Ningeweza kusubiri, kwa mwendo wa hesabu ya hapo juu. Kilichonigusa zaidi ni kichwa namba 6309, nguo zilizokwisha kuvaliwa. Shati langu la mtumba lina namba yake duniani. Mimi niliye ndani ya shati sina.

Na kwa kanuni za uasilia nalishinda shati hilo kwa mbali. Lenyewe lilishonwa sijui wapi, likavaliwa Ulaya, likaletwa kwenye robota. Mimi nimepatikana wote ndani ya nchi, bila malighafi ya nje, ukiacha chai ya maziwa ya unga niliyolelewa nayo. Cheti changu cha kuzaliwa kutoka RITA naomba kipokewe kama cheti cha uasilia wa bidhaa. Uzito wangu ni wa kubebeka. Sihitaji jokofu. Nafunguka kwa ukaguzi wakati wowote, najipakia na kujishusha mwenyewe, na endapo nitaharibika njiani simdai fidia mtu yeyote.

Nikifika Atlantiki nitakaa kwa wiki moja, nitatazama jua likizama, nitakula samaki wao nione kama anamfikia changu wetu, kisha nitarudi kwa gharama zangu. Mkiona ni lazima nilipiwe ushuru, nipangieni daraja la chini.

Wako katika ujenzi wa bara,

Bidhaa Mtarajiwa,
Dar es Salaam.

Nakala:
Sekretarieti ya Eneo Huru la Biashara, Accra – kwa taarifa.
Bwana wa meza ya plastiki, mpakani – kwa utekelezaji. Chai ya safari hii utajinunulia.