Amana ya Mtu Asiyejulikana

Bibi aliposikia nimepoteza mali za watu, hakuuliza diski ni kitu gani. Aliuliza: "Za nani?"

Hapo ndipo pagumu. Nyumbani kwetu Tumbe nimeweka kikompyuta na diski ya nje, nodi ya mtandao wa Storj. Watu wa huko duniani hukodi nafasi ya kuhifadhi faili zao kwenye diski za wengine kama mimi. Faili husimbwa isisomeke, hukatwa vipande vingi, kila kipande kikaenda kwake. Vikipatikana baadhi vya kutosha, vyovyote vile, faili huungwa upya. Hesabu yenyewe ni ya Reed na Solomon, ya mwaka 1960. Kwa hiyo mwenye mali simjui, naye hanijui, na huenda hajui hata kama kuna Pemba.

"Ntu huwekaje amana kwa asomjua?" Bibi akauliza, huku anajitanda kanga upya kama anayekwenda kwa kadhi. Mikufu ya majirani imelala sandukuni mwake miaka, na haijawahi kupungua hata kipini.

Mtandao nao hukagua. Huulizia kipande ghafla, na ukikikosa alama zinashuka. Zikipita chini ya asilimia 96, nodi imefukuzwa, hairudi. Zangu zilikuwa zikiteremka. Kila nikifungua kumbukumbu za programu, jibu moja: faili haipo. Fundi wa simu wa Konde akasema virusi (kwa fundi huyu hata kioo kikipasuka ni virusi). Wageni wakisikia Pemba husubiri majini. Mimi nilishuku umeme, maana tangu 2010 unatujia kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na watu wa Tumbe bahari tunaijua vituko vyake. Lakini taa hazikuzimika.

Nikaendesha programu ya kukarabati diski. Vipande tele vikaibukia kwenye folda ya vilivyopotea vikaokotwa, majina yamefutika, vina namba tu.

"Si vimeokotwa!" Bibi akashangilia.

Vimeokotwa, ila nani ajuaye kipi ni kipi?

Kumbukumbu za kikompyuta chenyewe ndizo zilizosema: diski ilikuwa ikikatika na kurudi, sekunde tu. Nikakaa kuivizia. Kila ikikatika, chumba cha pili friza ya malai inanguruma. Inapoanza kuvuta, umeme wa ekstensheni unashuka na diski inazimika katikati ya kuandika. Ekstensheni ni moja. Friza ni ya Bibi.

"Friza yangu ilikuwepo kabla ya hao wenye mali wako," akasema, na kesi ikaishia hapo. Ikabaki fidia. Nikamwambia Bibi kwamba mwenye mali hajapoteza kitu, vipande vilivyo kwa wengine vinamtosha. Hakuridhika. Nikamwambia miezi 3 ya mwanzo mtandao huzuia robo tatu ya malipo ya mwenye nodi, na akifukuzwa fedha hizo hazioni tena. Zinagharamia kuunda upya alivyovipoteza. Uso ukamkunjuka.

"Kumbe wana akili. Wameshika rahani."

Akaitupia jicho mita ya umeme ya Tukuza. "Na mimi, kwa huu umeme, umeniwekea rahani gani?"